Waliofundishwa Kupinga: Mdahalo wa Kiingereza katika Shule za Sekondari na Kimya cha Bunge la Kenya, 1926–1979

Ikisiri

Mwezi Julai 1974 Bunge la Kenya liliamriwa kuendesha mijadala yake kwa Kiswahili. Kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimerejeshwa. Maelezo yaliyozoeleka hulaumu uchache wa istilahi au kasumba ya viongozi. Makala haya yanatafuta sababu nyingine mahali ambapo wanahistoria wa sera ya lugha hawajapaangalia sana, yaani katika chama cha midahalo cha shule ya sekondari. Yanadai kwamba stadi ya kupinga hoja kwa utaratibu hufundishwa, na kwamba katika eneo letu ilifundishwa kwa lugha moja tu kwa takribani nusu karne kabla ya amri hiyo kutolewa. Historia hii inawahusu watunga sera wa nchi jirani, hasa Uganda na Rwanda, ambako Kiswahili kimepewa hadhi rasmi kabla ya kupewa mahali pa kuzungumziwa.

Amri ya siku moja

Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba tangu wakati huo Kiswahili ndicho kingekuwa lugha ya Bunge. Hadi hapo Katiba ilikuwa imeweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya chombo hicho. Tamko halikuzuka hewani. Chama tawala cha KANU kilikuwa kimeamua mwaka 1970 kwamba Kiswahili kiingizwe katika shughuli za taifa kwa awamu, na mwaka 1974 ulikuwa umetajwa kuwa mwaka wa kukamilisha kazi hiyo. Hata hivyo, jinsi amri yenyewe ilivyotekelezwa ilimkuta kila mtu akiwa hajajiandaa: Spika, makarani, waandishi wa kumbukumbu rasmi na wabunge wenyewe.

Katiba ilirekebishwa ili iafikiane na tamko. Miswada ya sheria, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na marekebisho ya mwaka 1975 yakalazimika kukubali hali hiyo. Mbunge alisoma kifungu kwa Kiingereza, akakijadili kwa Kiswahili, kisha akapiga kura juu ya maneno ambayo hayakuwa yametamkwa na mtu yeyote ukumbini kwa lugha ya mjadala. Mwaka 1979 Katiba ilirekebishwa tena, lugha zote mbili zikaruhusiwa, na mgombea akatakiwa aweze kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki ipasavyo katika shughuli za Bunge. Kuanzia hapo Kiingereza kilirudi kwenye kiti chake, na Kiswahili kikabaki cha hotuba za heshima na vijembe vya hapa na pale.

Wanaosimulia Bunge la miezi ile hutaja jambo moja kwa kurudiarudia. Baadhi ya wabunge waliosifika kwa umahiri wa kuzungumza walinyamaza, au waliongea kwa ufupi usio wa kawaida yao. Mtafiti anayesoma habari hizi kwa haraka atadhani kwamba watu hao hawakujua Kiswahili. Dhana hiyo haisimami. Ni watu walewale waliokuwa wakihutubia mikutano ya hadhara kwa Kiswahili tangu enzi za kudai uhuru, jukwaani Kamukunji na kwingineko, kwa saa nzima bila karatasi mkononi. Walikijua Kiswahili cha kuhutubia. Swali la mwanahistoria ni kwa nini ufasaha huo haukuvuka mlango wa Bunge.

Jibu linaanza na tofauti kati ya aina mbili za usemaji. Katika mkutano wa hadhara msemaji ni mmoja na hajibiwi. Akikosea hesabu, hakuna wa kusimama na kumrekebisha. Akimkejeli mpinzani, mpinzani hayupo. Bungeni msemaji hukatizwa. Huombwa athibitishe alilosema, hutakiwa kufuta neno, hujibiwa na mtu aliyeketi hatua chache mbele yake, na yote hayo hupitia kwa Spika. Usemaji wa aina hii una kanuni zake, una misemo yake isiyobadilika, na hauji wenyewe kwa mtu kwa sababu tu anaijua lugha. Hufundishwa. Waheshimiwa wa mwaka 1974 walikuwa wamefundishwa, tena vizuri, lakini kwa Kiingereza.

Chumba cha kupinga

Shule ya Wavulana ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti. Shule ya serikali ya Tabora, iliyokusudiwa hasa kwa wana wa machifu, ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Chuo cha King's College Budo, kwenye kilima wanakotawazwa Makabaka wa Buganda, kilikuwa kimekwisha kuwapo tangu 1906. Shule hizi tatu hazikufanana katika kila jambo, lakini zote ziliazima sura ya shule za bweni za Uingereza: mabweni yenye majina, viranja, michezo ya lazima, na vyama vya wanafunzi vya jioni. Miongoni mwa vyama hivyo kilikuwamo chama cha midahalo. Kielelezo cha mbali kilikuwa vyama vya wanafunzi wa Cambridge na Oxford, vilivyoanzishwa mwaka 1815 na 1823, ambavyo navyo vilikuwa vikiigiza Bunge la London.

Ni vyema kuueleza utaratibu wenyewe kwa undani kidogo, kwa sababu mazoea yametufanya tusiuone. Hutolewa mada inayoweza kukubaliwa au kukataliwa. Huteuliwa mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Wasemaji wakuu, kwa kawaida wawili kila upande, hupewa dakika chache kila mmoja, na kengele ikilia hukaa chini hata kama sentensi haijaisha. Kila neno huelekezwa kwa mwenyekiti. Mpinzani hatajwi kwa jina wala hasemezwi moja kwa moja. Baada ya wasemaji wakuu, mada hufunguliwa kwa ukumbi mzima, kisha hupigwa kura. Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba mwanafunzi hupangiwa upande. Anaweza kutakiwa kutetea asiloliamini, na wiki inayofuata akalipinga alilolitetea. Hapo hujifunza kutenganisha hoja na mwenye hoja, jambo ambalo si rahisi kwa mtu mzima, achilia mbali kijana wa miaka kumi na sita aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa.

Mada zenyewe mara nyingi zilikuwa nyepesi, na zimedumu hadi leo katika shule za eneo zima: kati ya mkulima na mwalimu nani bora, kati ya elimu na mali kipi cha thamani zaidi, shule ya bweni au ya kutwa. Wepesi huo usidharauliwe. Mada nyepesi humwacha mwanafunzi ashughulike na utaratibu, na utaratibu ukishamwingia mwilini anaweza kuubebesha mada nzito. Ndivyo ilivyotokea.

Mfano wa Tabora unajulikana. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali kuanzia 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba katika miaka hiyo ya ualimu yeye na mwenzake Andrew Tibandebage walishiriki mdahalo katika shule ya serikali. Mada ilihusu iwapo Mwafrika ndiye aliyefaidika zaidi kuliko Mzungu tangu bara lilipogawanywa. Upande wa Nyerere ulishinda, na baada ya hapo hakuruhusiwa kurudi kujadili pale. Wakuu wa shule walielewa walichokiona. Mchezo wa jioni uliokusudiwa kunoa Kiingereza ulikuwa umegeuka kuwa mazoezi ya kuuhoji ukoloni, kwa kufuata kanuni zao wenyewe neno kwa neno.

Alliance nayo ina kisa chake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma huko kati ya 1955 na 1958, wakati Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2012 jinsi alivyosimama katika mdahalo kuhusu faida na hasara za elimu ya Kimagharibi kwa Afrika. Hoja yake ilikuwa penseli. Aliwaonyesha wenzake penseli, akawauliza iwapo ni biashara ya haki kwa mgeni kuichukua ardhi ya mwenyeji na kumwachia kipande hicho cha mti. Kisa hiki husomwa kama ushujaa wa kijana, na ni haki kusomwa hivyo. Kwa mtafiti wa lugha kina upande wa pili: hoja dhidi ya penseli ilitolewa kwa lugha iliyokuja na penseli, mbele ya mwenyekiti, ndani ya dakika zilizopangwa. Ngũgĩ huyohuyo ndiye aliyeeleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kibao kilichovishwa wanafunzi waliopatikana wakizungumza lugha ya mama katika eneo la shule. Kibao na chama cha midahalo vilifanya kazi moja kwa njia mbili. Kimoja kiliziaibisha lugha za nyumbani, kingine kiliipa heshima lugha ya shule. Wanaoandika juu ya kibao ni wengi. Juu ya chama cha midahalo wameandika wachache, pengine kwa sababu adhabu hukumbukwa kuliko tuzo.

Njia kutoka chumba hicho hadi kwenye Baraza la Kutunga Sheria ilikuwa fupi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo nchini Kenya mwaka 1944, alikuwa mwanafunzi wa Alliance wa awali na baadaye mwalimu wa hapohapo. Miongoni mwa Waafrika wanane waliochaguliwa katika uchaguzi wa Machi 1957 walikuwamo Oginga Odinga na Ronald Ngala, wote wawili wakiwa wamepitia Alliance na Makerere. Lugha ya baraza ilikuwa Kiingereza, kwa hiyo kigezo cha kuingia kilikuwa kimekwisha kuchuja watu kabla kura hazijapigwa. Ali Mazrui alilijadili jambo hili katika kitabu chake cha 1975 kuhusu Kiingereza na siasa za Afrika: bunge la kikoloni lilimdai mwanasiasa awe msemaji wa Kiingereza kwanza, mwakilishi baadaye.

Ngala anastahili neno la ziada. Huyu alikuwa mwana wa Kilifi, na mwaka 1949 alichapisha kwa Kiswahili kitabu kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Kama kuna mtu ambaye angeweza kulionyesha Bunge jinsi ya kujadili sheria kwa Kiswahili, angekuwa yeye. Alifariki Desemba 1972, takribani mwaka mmoja na nusu kabla ya amri ya Kenyatta.

Kiswahili kilikuwa wapi?

Haikuwa kwamba serikali za kikoloni zilikipuuza Kiswahili katika miaka hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ya nchi nne iliundwa mwaka 1930, na kamusi iliyohusishwa na jina la Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Ni takribani muongo mmoja wenye juhudi kubwa. Lakini juhudi zote zililenga maandishi: tahajia, vitabu vya kiada, tafsiri, kamusi. Kamati ilitoa ithibati kwa vitabu. Haikuwa kazi yake kuangalia kama kuna kijana anayesimama na kusema. Kiswahili kilipewa kamusi, Kiingereza kikapewa jukwaa.

Wala haikuwa kwamba Kiswahili hakikuwa na utamaduni wa kujibizana. Mombasa ya Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, iliendesha siasa zake na Lamu kwa mashairi ya kupigana maneno, na ushairi wa malumbano haujafa hadi leo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake nafasi ya barua na mashairi. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini utamaduni huu haukuzaa msemaji wa bunge? Kwa sehemu ni kwa sababu hakuna aliyeupeleka shuleni kwa lengo hilo. Kwa sehemu ni kwa sababu una sheria nyingine. Katika malumbano ya kishairi mshindi ni yule ambaye fumbo lake halikufumbuliwa. Katika mdahalo, fumbo lisilofumbuliwa ni hoja iliyopotea. Malumbano humlenga mtu. Mdahalo humlenga mwenyekiti. Wanaopendekeza leo kwamba tuuache mdahalo kama kitu cha kigeni na kurudi kwenye malumbano wanachanganya stadi mbili ambazo zote zinahitajika.

Msamiati wenyewe unashuhudia ugumu. Maneno mengi ya Kiswahili yanayotaja tendo la kupingana yana lawama ndani yake. Mbishi ni mtoto anayestahili kukaripiwa. Ubishi, mabishano na hata malumbano katika matumizi ya kawaida hudokeza kwamba kuna mtu amevuka mpaka. Neno hoja lina heshima, na mjadala una utulivu, lakini mwanafunzi anayeambiwa kwa Kiswahili ampinge mwalimu wake huyasikia kwanza yale maneno ya lawama. Kiingereza cha shule kilikuwa kimeshamwondolea mzigo huo: katika lugha ya kigeni, kupinga kulikuwa ni zoezi tu. Huenda hii ndiyo sababu moja iliyofanya vijana wengi wa Kiafrika wauonje uhuru wa kupinga kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza. Hilo ni la kukiri bila haya, kwa kuwa linaonyesha kazi ambayo mwalimu wa Kiswahili atapaswa kuifanya kwa makusudi.

Baada ya bendera

Uhuru haukubadilisha mpangilio huo. Mwezi Januari 1961 Makerere iliandaa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, uliosisitiza kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza na kianze mapema. Kenya ilikuwa imekwisha kuanza kujaribu njia hiyo katika shule za msingi za Nairobi kuanzia 1957. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikakiimarisha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, huku Kiswahili kikibaki somo. Mwaka 1974, mbunge wa Kenya aliyekuwa na umri wa miaka arobaini huenda hakuwa amewahi kulazimika kufanya mtihani wa Kiswahili shuleni. Ulazima huo ulikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, baada ya pendekezo la Tume ya Mackay la 1981.

Tukirudi sasa kwenye ukumbi wa Nairobi wa Julai 1974, kimya chake kinaeleweka vizuri zaidi. Mbunge alijua neno la shamba, kodi, hospitali na barabara. Alichokosa ni ile misemo midogo inayoshikilia mjadala: namna ya kuomba kumkatiza mwenzake bila kumtukana, ya kudai kanuni ifuatwe, ya kutoa taarifa, ya kukubali sehemu ya hoja na kukataa sehemu nyingine, ya kupendekeza neno moja katika kifungu libadilishwe. Kwa Kiingereza misemo hiyo ilimtoka bila kufikiri, kwa kuwa aliizoea tangu kidato cha pili. Kwa Kiswahili alipaswa kuibuni akiwa amesimama, mbele ya waandishi wa habari, huku mpinzani wake akimsubiri ateleze. Mtu mwenye busara akiwa katika hali hiyo hukaa chini.

Ushahidi wa Tanzania unaonekana kuipinga hoja hii, na hauna budi kushughulikiwa. Bunge la Tanzania limejadili kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na agizo la Makamu wa Rais Rashidi Kawawa la Januari 1967 liliifanya lugha hiyo kuwa ya shughuli zote za serikali. Lakini shule za sekondari za Tanzania zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari; serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, hata baada ya uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 kuonyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi kilivyokuwa hafifu kiasi cha kutofaa kubeba masomo. Mdahalo wa shule nao ukabaki zoezi la Kiingereza. Wabunge wa Dodoma basi walijifunzia wapi?

Walijifunza nje ya shule. Chama cha TANU, tangu 1954, kiliendesha vikao vyake vya matawi kwa Kiswahili, vikiwa na mwenyekiti, katibu, ajenda na kumbukumbu. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kiliwafundisha watendaji wa chama na serikali. Baadaye zikaja nyumba kumi na halmashauri za vijiji. Mtu aliyefika bungeni kupitia ngazi hizo alikuwa ameomba kutoa hoja mara mia kabla ya kuapishwa. Hivyo Tanzania haikanushi kwamba stadi hii hufundishwa. Inaonyesha kwamba mwalimu anaweza kuwa mwingine. Na inafaa kuongeza kwamba mwalimu huyo alikuwa na kasoro zake: vikao vya chama kimoja vilifundisha utaratibu wa kikao kwa ukamilifu, lakini havikumpa kijana nafasi ya kupangiwa upande wa upinzani na kuutetea hadi mwisho.

Nyerere mwenyewe alielewa kwamba lugha huthibitishwa kwa kubebeshwa mzigo. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Hotuba mbili za tamthilia hiyo, ya Brutus na ya Antony, zinazotolewa juu ya maiti moja mbele ya umati mmoja, ndizo zilizokuwa zikikaririwa katika madarasa ya Kiingereza ya eneo zima kama kilele cha sanaa ya kushawishi. Kwa kuzitia katika Kiswahili alionyesha kwamba lugha hiyo inaweza kuubeba mzigo. Tafsiri ilisomwa, ikatahiniwa, ikasifiwa. Madarasa machache mno ndiyo yaliyowasimamisha wanafunzi wawili, mmoja Brutus, mmoja Antony, na kuwaachia wenzao wapige kura.

Jambo hilo linafanana na yanayoonekana katika mtihani wa sekondari wa Kenya hadi leo. Hotuba na mjadala hufundishwa katika somo la Kiswahili kama aina za insha: mwanafunzi huandika hotuba ambayo haitatolewa. Katika isimujamii huonyeshwa kipande cha mazungumzo ya bungeni, akatakiwa aitambue sajili na kutaja sifa zake. Anaweza kupata alama zote. Hakuna mahali katika mtihani huo anapotakiwa asimame na kuitumia sajili aliyoitambua. Jioni hiyohiyo, klabu ya midahalo ikikutana, mara nyingi hukutana kwa Kiingereza.

Kwa jirani

Uganda iliwahi kupitisha amri za aina hii zaidi ya mara moja. Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili mwaka 1927 na kupata upinzani mkali wa Buganda na wa maaskofu. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umekiweka kuwa somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda, iliyohamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, ilikipa Kiswahili hadhi rasmi kwa sheria ya 2017. Katika nchi zote mbili hali ni ngumu kuliko ya Kenya ya 1974 kwa jambo moja: hakuna hata mikutano ya hadhara iliyozoea lugha hiyo kwa wingi, wala vikao vya chama kama vya TANU. Kijana wa Mbarara au Huye atakutana na Kiswahili rasmi kwanza darasani, na darasani hukutana nacho katika ngeli.

Ngeli ni za lazima. Hata hivyo saa moja kwa wiki ya mdahalo kwa Kiswahili haihitaji kitabu kipya wala maabara. Inahitaji kengele, saa, mwalimu anayejua kanuni, na mkuu wa shule aliye tayari kuona klabu ya Kiingereza ikipata ndugu. Walimu ndio upungufu mkubwa, na hapa wizara zitakuwa na kishawishi cha kusubiri hadi watoshe. Kusubiri huko kuna gharama inayojulikana. Kenya ilikaa miaka minne kati ya uamuzi wa chama wa 1970 na amri ya 1974, na miaka hiyo ingetosha kumpitisha kijana mmoja kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne akiwa anajadili kwa Kiswahili kila wiki. Hakuna shule iliyoagizwa kufanya hivyo.

Lipo pia suala la istilahi, ambalo ni dogo kuliko linavyodhaniwa lakini halijamalizwa. Mbunge wa Nairobi akitaka kanuni ifuatwe husimama kwa hoja ya nidhamu. Mwenzake wa Dodoma husimama kuhusu utaratibu. Nairobi hujadili mswada, Dodoma muswada. Kanuni za Kudumu za Bunge la Kenya zilipata tafsiri ya Kiswahili baada tu ya Katiba ya 2010, zaidi ya miongo mitatu tangu amri ya Kenyatta, na zinatofautiana katika maneno kadhaa na zile za Tanzania. Bunge la Afrika Mashariki, lililozinduliwa Arusha Novemba 2001, lina wabunge kutoka pande zote hizo, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko Zanzibar. Orodha ya misemo ya kikao isiyozidi kurasa kumi, iliyokubaliwa na vyombo hivyo viwili, ingemfaa karani wa bunge na mwalimu wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwalimu wa Kampala anayeanzisha klabu yake muhula huu atalazimika kuchagua kati ya nidhamu na utaratibu peke yake, na wa Kigali vilevile, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba watachagua neno lilelile.